Tundu la Ubao wa Mwalimu Asumani

Mauwa mwanangu, mama yangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Asubuhi umekunywa chai, umeninunia juu ya lile sanduku lako la safari, kisha umevuka mto kwenda ng'ambo ya Alunguli kumuaga shangazi yako. Na hali yangu nayo unaijua. Nimekaa kwenye kiti changu cha kusahihishia kazi za wanafunzi, mlango uko wazi, kuku wanaingia na kutoka wanavyotaka, na leo sina nguvu ya kuwafukuza. Kesho asubuhi balenyeri, ile mashua kubwa ya mbao, itakuchukua kushuka na mto Lualaba mpaka Ubundu, na kutoka huko utatafuta njia ya Kisangani. Barua hii nitaitia chini ya vitenge vyako. Usiifungue ndani ya mashua mbele ya watu. Ninakujua, utalia, halafu utanikasirikia kwa sababu umelia.

Ya chandarua, ya maji ya kuchemsha, ya kutomwonyesha kila mtu simu yako, hayo nimeyasema mpaka wewe mwenyewe unayamalizia kabla sijafika mwisho. Nayaacha. Nakuandikia juu ya jambo moja tu, lile swali lako. Ukifika Kisangani watakuuliza unajiandikisha wapi, biolojia ao enfomatike, hayo masomo ya kompyuta, na wewe ukanigeukia mimi: "Mama, unichagulie. Utakachosema njo nitafanya." Mimi, mwalimu wa biolojia, mtu wa kelele ninayejulikana mtaa mzima wa Kasuku hapa Kindu, nikabaki mdomo wazi. Na hata sasa sijui. Ninaandika nione kama kalamu inajua zaidi yangu.

Nianzie mbali kidogo, univumilie.

Wakati wa vita nilikuwa msichana kama wewe, mwaka wa mwisho wa sekondari, upande wa biolojia na kemia. Mji ulikuwa umefungwa. Treni iliacha kuja, majani yakaota katikati ya reli mpaka mbuzi wakawa wanalishwa pale steshini. Mashua hazikushuka wala hazikupanda. Aliyetoka nje ya mji kwenda shambani hakuwa na hakika ya kurudi, basi watu wakalima uani, wakalima kando ya barabara, wakalima hata karibu na makaburi. Chumvi ilikuja na ndege na ilipimwa kwa kijiko. Lakini shule haikufungwa. Sijui kama ulikuwa ujasiri ao kukosa pengine pa kutuweka. Nadhani wazazi walitutuma kwa sababu ukiwa shuleni angalau wanajua uko wapi.

Mwalimu wetu wa biolojia alikuwa Mwalimu Asumani. Mtu mwembamba, suruali yake moja, pasi kila siku, na hasira za karibu. Vitabu hatukuwa navyo, hata kimoja. Yeye mwenyewe alikuwa kitabu. Chaki ilipoisha akaanza kuandika na kipande cha muhogo mkavu. Muhogo unaandika vizuri, ukitaka kujua, kuliko chaki hizi za leo zinazovunjika vunjika. Na mwisho wa somo tuligombana kufuta ubao, maana desturi yetu ilikuwa hiyo: anayefuta ubao ndiye anayekula kalamu ile ya muhogo. Nimekula biolojia nyingi, mwanangu. Usicheke.

Siku moja tulikuwa kwenye somo la seli, risasi zikaanza upande wa reli. Tulikuwa tumeshazoea, tukalala chini. Moja ikatoboa ukuta wa udongo, ikatoboa ubao, ikapita juu ya vichwa vyetu, ikatokea dirishani. Hakuna aliyeguswa. Tulipoinuka, vumbi limejaa darasa lote, na pale ubaoni, chini upande wa kushoto, palikuwa na tundu, na jua la asubuhi linapita ndani yake mpaka kwenye sakafu. Mwenzangu niliyekaa naye alikuwa amejikojolea, na mimi nilikuwa nimemshika mkono kwa nguvu hata nikamwachia alama za kucha.

Mwalimu Asumani akajipangusa suruali. Akalipuliza tundu, akatia kidole ndani, akatugeukia.

"Bon," akasema. "Tulikuwa tumefika wapi?"

Basi akachukua muhogo wake, akachora seli kubwa ya kujaa ubao kuzunguka lile tundu. Akaligonga mara mbili. "Kiini njo hiki," akasema. "Leo hakuna mutu atasahau."

Na kweli, hakuna aliyesahau. Tangu siku ile tundu likafanya kazi zote. Kwenye jiografia lilikuwa Kindu, na Kongo nzima ilichorwa kulifuata. Kwenye hesabu ndilo lililokuwa katikati ya duara. Kwenye somo la jicho likawa mboni, na ukiinama vizuri uliona uwanja, na bendera, na mama mmoja aliyekuwa anauza mandazi ya muhogo kule nje. Mauwa, nikuambie wazi: sikuipenda biolojia kabla ya siku ile. Nilikuwa na hofu asubuhi mpaka jioni, na pale mbele yangu palikuwa na mtu aliyeichukua risasi akaitia ndani ya somo. Nikasema, na mimi nataka kazi hii. Hata leo sijui kama nilichagua biolojia ao nilichagua lile tundu.

Mwalimu Asumani hakumaliza mwaka nasi. Mke wake na watoto walikuwa wamebaki upande wa Lokandu, habari zao hazikuwa zinafika, na siku moja akaamua kuwafuata kwa miguu kando ya mto. Alituambia, "Kesho tutaona namna seli moja inakuwa mbili." Kesho yake darasa lilikuwa bila mtu mbele. Hatukusikia kama alifika. Hatukusikia kama hakufika. Baada ya vita niliuliza watu wa Lokandu wanaoleta samaki sokoni, wengine wakasema wanamkumbuka, wengine wakamchanganya na Asumani mwingine, mpaka nikaacha kuuliza.

Prefe wetu, mkuu wa shule, hakuwa na mwalimu mwingine, akatuita sisi wakubwa. "Wewe unajua biolojia, fundisha wadogo." Nikasimama mbele ya ubao ule ule, na muhogo mkononi, nikachora seli kuzunguka tundu lile lile. Mtoto mmoja wa kike, mdogo, macho makubwa, akanyosha kidole: "Madamu, kama ubao hauna tundu, seli inakuwa na kiini?" Darasa likacheka mpaka basi. Nikamtoa nje. Nilimwambia anadharau masomo. Leo ningelipa nauli ya pikipiki nimtafute nimwombe arudie swali lake, maana sijasikia swali zuri kuliko lile tangu nimeanza kazi hii.

Vita ilipokwisha nilitaka kwenda Kisangani, pale pale unapokwenda wewe. Haikuwezekana, mambo ya nyumbani unayajua. Nikasoma hapa hapa, chuo cha ualimu. Mikroskopu ilikuwepo, moja, kabatini. Aliyekuwa na ufunguo alikuwa amehama mji. Tulikuwa tunaitazama kupitia kioo cha kabati, na profesa anatueleza inavyofanya kazi. Basi kwa vitabu nilijua ya kwamba kiini kinaweza kuwa mahali popote ndani ya seli. Ninajua, nilisoma, nilifaulu. Lakini mkono hauendi chuoni, mwanangu. Mkono wangu ulikuwa umeshazoea. Nikipewa ubao mzima, mpya, usio na hata mkwaruzo, kiini nilikitia chini upande wa kushoto. Na mwanafunzi aliyekitia katikati nilimkata pointi.

Ulikuja darasani kwangu wewe. Ulikitia katikati. Nikakukata. Ulifika nyumbani na karatasi ile, ukaiweka karibu na sahani yangu ya sombe, ukasema, "Mama, juu ya nini?" Nikakujibu, "Kwa sababu njo hivyo." Ukaniangalia. Ulikuwa na macho ya marehemu baba yako siku zile alipokuwa ananyamaza badala ya kugombana. Nadhani siku ile ndipo biolojia ilianza kukutoka moyoni, na mimi nilikuwa ninakula.

Maana kabla ya hapo uliipenda. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unafuga panzi ndani ya chupa na kunilazimisha niwaamkie. Sasa ukaanza kusema, "Biolojia yako ni majina tu, Mama. Unatupatia majina ya vitu hatujaona hata siku moja. Wewe pia hujaona." Nikakasirika. Nilikasirika kwa sababu ilikuwa kweli.

Ndipo ikaja hiyo enfomatike. Shule ikapata mwalimu kijana, suti kubwa kuliko yeye, na ordinateri, hizo kompyuta zenyewe, shule haina hata moja. Akachora klavye, vile vitufe vya kuandikia, juu ya katoni ya sabuni, herufi zote, akawaambia kila mmoja atengeneze yake nyumbani. Wewe ukatengeneza yako, ukawa unalala nayo. Unakumbuka? Mimi nilisikia tap, tap, tap chini ya kitanda chako, nikadhani ni panya, nikaenda kuazima paka wa jirani. Paka amekaa mlangoni anakutazama unavyopiga katoni, na wewe umefumba macho, vidole vinajua njia. Nilisimama pale nikitaka kukugombeza, nikashindwa. Niliuona muhogo wa Mwalimu Asumani.

Lakini kichwa changu kilikataa. Kwangu mimi enfomatike ilikuwa duka la mdogo wangu Ramazani pale karibu na soko: fotokopi, picha za kitambulisho, matangazo ya matanga, na kelele za jenereta. Nikajiuliza, mtu anaenda chuo kikuu miaka yote ile kusoma fotokopi? Na tena darasa la enfomatike limejaa wavulana, na wasichana wanasukumwa kwenye biolojia wawe wauguzi, na kila mtu anasema njo hivyo. Nilisikia lile neno langu, "njo hivyo", katika mdomo wa watu wengine, nikaona linavyonuka.

Ulipokwenda mara ya kwanza kwa mjomba wako kupiga mashini ya kweli, ulirudi unalia. Katoni haihitaji kusukumwa. Vidole vyako vilipita juu ya herufi taratibu sana, na hakuna kilichoandikika. Wateja walicheka. Ramazani mwenyewe alikuambia, "Piga, mutoto! Haiumie!" Kesho yake ukarudi tena kwake. Hapo nilikupenda sana na sikukuambia. Nimekuambia sasa.

Baada ya hapo ukawa huelezeki. Jumatatu biolojia, Jumatano enfomatike. "Enfomatike inajibu, Mama. Unaandika, inajibu. Biolojia haijibu mutu." Wiki inayofuata: "Enfomatike nayo ni majina tu, wanatuchorea ubaoni." Nikawa nakucheka, nasema akili ni nywele, kila mtu ana zake, na za kwako zimesokotana. Lakini moyoni na mimi zangu zilikuwa zimesokotana.

Halafu ile siku ya samaki. Nilikuwa jikoni, nakaanga, ukaingia unahema umenishika mkono. "Mama, kuya. Kuya sasa hivi." Nikakufuata na kitenge cha jikoni, nimesahau hata kuondoa sufuria motoni, tukapanda pikipiki watu wawili nyuma ya dereva. Dukani kwa Ramazani ukanikalisha mbele ya kioo cha ordinateri. Palikuwa na filamu. Kitu kimoja kidogo kinachoishi katika tone la maji, amiba, nimemfundisha tangu nilipokuwa msichana, nimemchora mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu. Alikuwa anatembea. Anajinyosha huku, anajivuta kule, na ndani yake kiini kinabingirika. Kiko mbele. Kiko nyuma. Kimepita katikati. Hakikukaa chini upande wa kushoto hata kidogo, ao kama kilikaa, kilipita tu.

Unajua nilichosema? "Wameitengeneza." Maana kwa mashini ile ile Ramazani anatoa kichwa cha mtu anakiweka juu ya shingo yenye koti na tai. Nitaamini vipi? Lile tundu nilitia kidole. Hii nimetia kidole kwenye kioo, nikakuta kioo. Wewe ukasema, "Apana, Mama, ni ya kweli, mutu ameweka mikroskopu juu ya maji." Machozi yalikuwa karibu, na sikujua ni ya furaha ao ya aibu. Ndipo ukauliza, polepole, hukuniangalia:

"Mama, hii tunaona ni biolojia ao ni enfomatike?"

Ramazani ndiye aliyejibu. "Ni esansi yangu," akasema, "na inaisha." Akazima jenereta isimmalizie petroli, amiba akatoweka katikati ya safari yake. Tulirudi kwa miguu, tukakuta samaki wamekuwa makaa na jirani ameshazima moto na ameshatutukana vya kutosha. Swali lako halijajibiwa mpaka leo. Nimelizungusha kichwani nikifagia, nikifundisha, nikiwa kanisani. Mwalimu mwenzangu mmoja aliniambia ni biolojia, mwingine akaniambia ni enfomatike, na wote wawili walikuwa na hakika, ndiyo maana sikuwaamini.

Sasa tufike jana.

Unajua desturi ya jamaa ya baba yako. Mtoto haendi mbali mpaka wamemwagia maji mikononi. Wakubwa wanasema yao, na wa mwisho ni mama. Anasema: enda mahali fulani, ukafanye jambo fulani, urudi. Neno la mama ndilo linalofunga. Baba yako mkubwa Saidi alikuwa ameshasema yake kwa sauti kubwa, yeye anayesimama badala ya marehemu ndugu yake: "Mutoto wa ndugu yangu anaenda kusoma biolojia, atakuwa munganga." Nimemweleza mara ngapi ya kwamba biolojia si uganga wa hospitali! Kwake yeye biolojia ni sindano. Na enfomatike? "Kama ni fotokopi, Ramazani iko pale, anatosha."

Wakanipa kikombe. Ukanyosha mikono yako. Nikaanza: "Mauwa, enda Kisangani, ukasome..."

Hapo ndipo nilipokwama. Maji yalikuwa yanamwagika, yanapita katikati ya vidole vyako, na neno halikuja. Baba mkubwa ananinong'oneza, "Sema uganga, sema uganga." Ramazani anakohoa. Na wewe unaniangalia na macho yale ya karatasi iliyokatwa pointi. Kikombe kikaisha. Nikasema mkono umeniuma, nikakaa. Mkono haukuniuma, mwanangu. Na leo umeninunia juu ya sanduku, na najua si sanduku. Unakwenda na safari isiyofungwa na unafikiri mama yako amekunyima neno.

Sikukunyima. Sikuwa nalo. Nilikuwa naogopa, na naogopa hata sasa. Nikisema biolojia, najijua, ni mimi ninayetaka kwenda. Nitakuwa nimejificha ndani ya sanduku lako, msichana wa wakati wa vita anayetafuta ufunguo wa lile kabati. Nikisema enfomatike, nakutuma mahali nisipojua hata nikuulize nini ukipiga simu. Umepiga mashini leo? Ilijibu? Utanicheka. Na nikisema "chagua mwenyewe" halafu nikakaa kimya, nimekuachia mzigo wa baba yako mkubwa peke yako, naye hasira zake zinafika Kisangani bila balenyeri. Kila njia niliyoishika ilinirudisha hapa hapa kwenye kiti.

Kitu kimoja tu ninacho hakika nacho, na ni kidogo. Ulipokuwa mbele ya kioo kile hukuwa unamtazama amiba peke yake, wala hukuwa unaitazama mashini peke yake. Mimi nilikuwa nakutazama wewe. Ulikuwa na uso wa mtu aliyetia kidole ndani ya tundu na kukuta upande wa pili kuna uwanja na bendera. Uso huo mimi nilikuwa nao mara moja, na nikaufungia ubaoni, chini upande wa kushoto, nikaanza kukata pointi za watu.

Basi sikiliza nitakachofanya. Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema, lakini kikombe kipo na mto uko pale. Kesho nitakuja bandarini na kikombe kile kile. Nitamwomba baba yako mkubwa asimame karibu. Nitateka maji ya Lualaba, nitayamwaga mikononi mwako, nitasema: "Mauwa, enda Kisangani, ukaone, urudi." Basi. Ukaone. Sitataja somo wala fakulte. Akiniuliza, "Akaone nini?", hilo ni langu, nitamjibu mimi, nitakaa naye kwenye benchi mpaka hasira zimtoke kichwani, na wewe uwe umeshapanda. Huko Kisangani jiandikishe pale mkono wako utakapokwenda. Ukikosea, utakuwa umekosea kwa mkono wako, na kosa la mkono wako mwenyewe linasahihishika. La kuazima, nimekuonyesha mimi, linachukua maisha.

Balenyeri ikipita Lokandu, angalia ukingo. Usishuke, usimuulize mtu, angalia tu. Mimi sijawahi kupita pale tangu wakati ule.

Nasikia sauti yako njiani, unacheka na mwenye pikipiki. Umerudi mapema. Nikunje karatasi kabla hujaniona nimelia. Nikuambie tu hili la mwisho. Jumatatu nina somo la seli na watoto wapya. Nitachora ukingo wake mzuri, mviringo, nitaandika majina yote. Kiini sitakichora. Wakiniuliza, "Madamu, kiini kiko wapi?", nitawaambia tungoje kidogo, kuna mutu ameenda kuangalia.

Mama yako, aliyekukata pointi na anakurudishia